Ukileta watoto Lamu, anza na mlango wa mtaani kabla ya makumbusho

Likizo ikikaribia huwa napokea meseji nyingi za wazazi na walimu wenzangu, wengine wako Mokowe, wengine Mpeketoni, wengine Malindi kule, wakiuliza wakija na watoto Lamu waende wapi kwanza. Jibu langu halibadiliki kwa hivyo acha niliandike hapa watu wasome: makumbusho yaje baadaye, kwanza tembeeni mtaani.

Najua watu wengi hawaoni hivyo manake ukishuka boti jetini tu makumbusho ya Lamu hayo hapo mbele ya bahari, kwa nini uyapite. Lakini tazama inavyokuwa. Watoto arubaini wanaingizwa ndani, wanaona mlango wa nakshi umesimamishwa ukutani, wanaona kiti cha enzi, wanaona mifano ya majahazi, mwalimu anasoma karatasi kwa sauti, robo saa baadaye wako nje wanaulizana nani ana hela ya aiskrimu. Si kosa la watoto hata kidogo. Kitu kikishatolewa mahali pake kikawekwa chumbani na kijikaratasi chini, mtoto hajui akiulize nini. Na sisi hapa Lamu tuna bahati ambayo miji mingi haina, vile vitu bado viko mahali pake. Mji huu una watu wanaoishi ndani yake kwa zaidi ya miaka 700 bila kukatika, UNESCO waliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na milango ile ile ya makumbusho iko njiani watu wanaingia na kutoka, kuna mtoto anaegemea mmoja sasa hivi anakula embe.

Basi mimi nafanya hivi. Nachagua mlango mmoja, kwenye njia yenye kivuli, mapema asubuhi, nimeshaongea na wenye nyumba tangu jana yake (hili usiliruke, ni nyumba ya watu na kuna wanawake ndani). Kila mtoto ana penseli, karatasi, na kipande cha boksi gumu cha kuandikia. Halafu nawaambia wachore mfaa peke yake, ule mti wa katikati ya mlango. Mlango mzima hapana. Ukimwambia mtoto chora mlango atakuchorea mstatili na kitasa, amemaliza, anataka kukimbia. Ukimwambia chora mfaa tu inabidi aangalie, kuna maua, kuna majani yanayojipinda, kuna mnyororo unaozunguka pembeni, sasa anakaa kitako anahesabu.

Kuna mvulana mmoja, yule wa aina ambayo walimu huwa wanamkalisha mbele kwa sababu hatulii, alikaa na mfaa wake mpaka wenzake wakamaliza wakaanza kucheza. Nikamwendea. Akaniambia, "Mwalimu, hili ua la chini fundi hakulimaliza." Nikainama, kweli, ua la mwisho karibu na kizingiti lilikuwa limekatwa mistari ya nje tu, ndani halikuchongwa. Mimi napita njia ile tangu mdogo. Bibi mwenye nyumba alikuwa amesimama ndani akisikiliza, akatoka na buibui lake akaangalia na yeye, akasema, "Mwanangu, nimeolewa nyumba hii nikiwa kigori na sijaliona." Wakabaki wawili wakilijadili lile ua, kama fundi aliugua au alidaiwa au basi tu alichoka. Somo lile mimi singeweza kulipanga.

Baada ya hapo wapeleke kwa fundi. Bado wapo wanaochonga Lamu, na wengi wakiombwa kwa heshima na mapema wanakubali watoto wasimame dakika chache. Waache wasikie patasi, waokote mabaki ya mti, wanuse. Wenyewe watauliza mti gani, wataambiwa mbambakofi au mwengine, wataona mchoro unapigwa kwanza kwa penseli kwenye mbao halafu ndo patasi inafuata. Mtoto aliyetoka kuchora mfaa akiona penseli ya fundi anajua hapo hapo kwamba yule alianza kama yeye. Wakubwa kidogo, gredi ya sita kwenda juu, unaweza kuwatajia Muhamadi Kijuma, mtu wa hapa hapa Lamu aliyefariki 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu na mchongaji, vyote mtu mmoja. Napenda watoto wajue hilo kwa sababu shuleni tunawagawa mapema mno, huyu wa sayansi huyu wa sanaa.

Sasa nyumba ya Kiswahili, ile iliyofanywa makumbusho huko ndani ya mtaa, nyumba ya karne ya 18. Hapa ndo pa kukaa. Wazazi wengi wanapita haraka kwa sababu ni ndogo na haina vitu vya kioo, lakini kwangu hakuna darasa zuri kuliko hili katika kisiwa chote. Ingieni kama mgeni anavyoingia, dakani kwanza pale pa kukaa wageni wa kupita, halafu tekani, ukumbi wa kuingilia, halafu kiwandani, ule ua wa ndani ambapo mwanga unatoka juu, halafu misana, vile vyumba virefu vya kukaa, halafu ndani kabisa. Waulize watoto wanaona nini sakafuni kila wakisonga mbele. Watakwambia tunapanda. Ndivyo, kila ukizidi kwenda ndani sakafu inainuka kidogo na faragha inaongezeka, na mtoto wa hapa anaelewa bila maelezo mengi kwa sababu hata kwao mgeni hafiki kila mahali.

Halafu wapimeni upana wa vyumba. Hatua za miguu zinatosha, au mikono miwili ikinyooshwa. Watagundua vyumba ni virefu lakini vyote vyembamba, na upana wake unakaribiana. Usiwape jibu. Waambie watazame juu. Atatokea mmoja tu, lazima atatokea, atasema ni kwa sababu ya miti. Boriti za mikoko ndizo zinazobeba dari, na boriti ina urefu wake, ukizidisha inapinda kwa uzito wa mawe na chokaa vilivyo juu, kwa hivyo mwashi alikuwa anajenga kwa kipimo cha mti uliokuwa unakatwa huko kwenye mikoko yetu. Kuta ni mawe ya matumbawe, chokaa ni matumbawe yaliyochomwa. Yaani bahari na mikoko ndo imesimama pale ikawa nyumba. Watoto wa Lamu wanaambiwa kila siku kwamba mikoko ihifadhiwe, wanakariri, lakini mtoto akishapima kile chumba kwa miguu yake hilo neno linakuwa na uzito.

Zidaka watavipenda wenyewe, zile safu za vishubaka vya chokaa ukutani ambamo ziliwekwa sahani na bakuli za Kichina. Hapo waache wachore tena, kidaka kimoja tu na nakshi zake. Lakini kinachowamaliza watoto ni birika la chooni. Zamani ndani ya birika walikuwa wakiweka samaki wadogo ili wawe wanakula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa waliweka bakuli la kaure, maji yakipungua samaki wanapata pa kubakia. Nikishasema hivyo maswali hayaishi, samaki walikuwa wakila nini mbu wakiisha, nani alikuwa anawabadilisha, mbona sisi kwetu hatuna. Wape muda wote wanaoutaka. Kuna siku tulikaa kwenye birika kuliko mahali pengine popote na sikujutia, hiyo ni sayansi na afya na historia kwa pamoja.

Baada ya nyumba ndipo muende makumbusho ya mbele. Sasa watoto wanaingia wakiwa na kitu mkononi, wana michoro yao, wanaanza kulinganisha wenyewe, "ule wetu ulikuwa na mnyororo huu hauna." Chagua vitu viwili vitatu tu. Mimi huwa nazungumzia siwa, ile baragumu kubwa iliyokuwa ikipigwa kwenye harusi za watu wakubwa na sherehe za utawala, ya kisiwa cha Pate ni ya pembe za ndovu na ya Lamu ni ya shaba, nawaambia wafikirie ni pumzi kiasi gani inahitajika. Hata jengo lenyewe lina stori, liliwahi kuwa makazi ya maafisa wa serikali ya ukoloni wa Kiingereza, na kulinganisha baraza zake na ile nyumba waliyotoka ni swali zuri la kuwaachia, hii inaangalia bahari na ile inaangalia ndani, kwa nini.

Ngome sasa. Iko pale uwanja wa Mkunguni, ilianza kujengwa kama 1813 baada ya vita vya Shela, Lamu ilipopigana na Pate na Mombasa, ikamalizika 1821 kwa msaada wa Waomani, na kuanzia 1910 mpaka 1984 ilikuwa jela. Jiandae, watoto watataka habari za jela peke yake. Wape, ni haki yao, lakini usiache siku nzima iishie kwa wafungwa. Mkiruhusiwa kupanda juu pandeni, waoneshe mapaa na jinsi njia zilivyobanana, kisha waambie zamani maji ya bahari yalikuwa karibu na ngome kuliko sasa, sehemu ya mbele ya mji ilijazwa baadaye. Watasema haiwezekani. Vizuri, wabishane. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi 1888 mpaka 1891, mimi huwapeleka watoto wakubwa tu, wadogo huwa washachoka na kwa kweli hawajui barua ni nini.

Mambo ya kawaida lakini yanaharibu siku. Msije wengi, kikundi kikizidi watoto kumi na tano kwa mtu mzima mmoja gawanyeni, chumba cha nyumba ya Kiswahili hakibebi zaidi. Kwenye vichochoro tembeeni mstari mmoja na wafundishe mapema kwamba wakisikia mtu anapiga kelele simile wanaganda ukutani, punda mwenye mchanga mgongoni hana breki. Ijumaa iacheni, watu wanajiandaa na msikiti. Ikifika karibu saa sita jua ni kali, muwe mmeshakaa kivulini mnakula, mahamri na viazi karai na maji mengi vinatosha, msitegemee kuwanunulia watoto wote chakula kwa wakati mmoja. Shule iandike barua makumbusho mapema, kuna kiingilio cha wanafunzi ambacho ni tofauti na cha watalii na mkiwa na barua mambo yanakuwa mepesi. Na chooni wapelekeni kabla ya kuanza, wasichana kwanza. Simu ya mapicha akae nayo mwalimu mmoja, na asipige watu picha mtaani bila kuwaomba.

Michoro ukiikusanya kwa ajili ya kutia maksi irudishe, tafadhali sana. Ile karatasi inafaa ifike nyumbani ionwe na nyanya, manake nyanya ndo atakayesema kwetu Siyu palikuwa na mlango kama huu, na hapo mtoto anapata somo ambalo wewe mwalimu huna.

Kama mna siku ya pili nendeni Takwa, upande wa kisiwa cha Manda, mji wenye msikiti na kaburi la nguzo ulioachwa tangu karne ya 17. Watoto waliopima vyumba jana watazisoma zile kuta wenyewe, hapa palikuwa daka, hapa choo. Lakini mnaingia kwa mkondo wa mikoko na boti haifiki maji yakiwa yametoka, kwa hivyo ongea na nahodha siku mbili kabla, akwambie maji yanajaa saa ngapi, na yeye ndo apange saa ya kuondoka kule hata kama watoto bado wanalia wanataka kubaki. Kabla hamjapanda boti kagua jaketi za kuokolea moja moja, za watoto ziwe saizi ya watoto, na akikwambia hana za kutosha tafuta nahodha mwingine.