Kwa Pointi Gadi Wapya: Niliyojifunza kwa Robert Jaworski

Wadogo zangu mliosajiliwa msimu huu kuwa pointi gadi, yaani waongoza mashambulizi wa timu yetu ya kikapu,

Katika wiki hizi mbili za mazoezi nimeulizwa swali moja kuliko mengine yote, nalo ni kwamba mtu afanye nini ili aingie katika watano wa kwanza. Swali si baya. Ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza afanye nini ili timu iendelee kumhitaji baada ya kasi kumwishia, na mimi, ambaye magoti yalinitoa uwanjani nikiwa na miaka 33, naona hilo ndilo lililostahili kutangulia. Kwa kuwa maisha yangu ya uwanjani ni mafupi mno kuwa darasa, nitawaeleza ya Robert Jaworski wa Ufilipino, aliyecheza katika ligi ya kulipwa hadi akapita umri wa miaka 50, na pale inapofaa nitachomeka machache yangu.

Ufilipino ni nchi ya visiwa ambako kikapu ndio mchezo wa kila mtaa: ringi hupigiliwa kwenye minazi na watu hucheza kwa kandambili. Jaworski alizaliwa tarehe 8 Machi 1946 huko Baguio, mji wa milimani katika kisiwa cha Luzon, baba yake akiwa Mmarekani mwenye asili ya Poland na mama yake Mfilipino. Alisoma na kuchezea University of the East jijini Manila, akawamo katika timu ya taifa iliyotwaa ubingwa wa Asia mwaka 1967, na mwaka uliofuata akaenda Olimpiki ya Mexico. Hakuwa mrefu wa kutisha, sentimita 185 hivi, lakini alikuwa na kifua cha kusukumana na hakuogopa kugongwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wanaomsifu hulipita haraka. Mwaka 1971, akiichezea Meralco, timu ya kampuni ya umeme, yeye na mwenzake waliwashambulia waamuzi katika mechi dhidi ya Crispa, wakafungiwa maisha. Alikuwa na miaka 25, umri ambao mchezaji anapaswa kuwa anavuna. Kifungo kiliondolewa mwaka 1973, Ufilipino ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya ubingwa wa Asia na ikataka wachezaji wake bora, na ubingwa huo ikauchukua. Msije mkaelewa hapa kwamba mwenye kipaji husamehewa. Yeye aliokolewa na kalenda ya mashindano, na ninyi kalenda yenu hamuijui.

Mimi sikumgusa mwamuzi, lakini mdomo wangu uliwahi kutosha. Ilikuwa fainali ya ligi ya mkoa, zimebaki sekunde 40, tunaongoza kwa pointi moja, nikamwambia mwamuzi neno ambalo sitaliandika hapa. Faulo ya kiufundi: wakapewa mtupo huru, wakaufunga, kisha shambulio lililofuata tukapoteza mpira na wakafunga tena. Katika basi la kurudi hakuna aliyenisemesha, na aliyenisogelea ili nipate pa kukaa ni mzee aliyekuwa akitubebea maji. Ndiyo maana katika timu hii nahodha peke yake ndiye anayezungumza na mwamuzi, tena mikono ikiwa nyuma.

Ligi ya kulipwa ya Ufilipino, PBA, ilianza tarehe 9 Aprili 1975, nayo ndiyo ya kwanza ya aina yake katika Asia. Timu zake hubeba majina ya kampuni badala ya miji, jambo ambalo sisi tuliozoea timu za bandari na za majeshi halitushangazi. Jaworski aliichezea Toyota, mahasimu wakubwa wa Crispa, akatwaa nayo mataji tisa na akachaguliwa mchezaji bora wa msimu mwaka 1978. Kisha, baada ya msimu wa 1983, Toyota ikaivunja timu, na wachezaji wakauzwa pamoja kwa mmiliki mpya aliyekuwa mtengenezaji wa bia. Jaworski na rafiki yake Francis Arnaiz walikataa kwenda. Wakaishia Gilbey's Gin, timu ambayo baadaye ilikuja kuitwa Ginebra, na huko ndiko jina lake lilikokuwa kubwa kuliko lilivyowahi kuwa Toyota. Alikuwa na miaka 38. Kwa hiyo someni mikataba yenu, hata kama ni ya kurasa mbili na imepigwa mhuri wa kufifia, mjue kwamba mdhamini akijitoa kesho ninyi mtabaki kuwa wa nani. Nimewaona wachezaji wazuri wakikaa msimu mzima nje kwa sababu hakuna aliyejua ni nani mwenye haki ya kuwaruhusu kuhama.

Mwaka 1985 aligeuka kocha mchezaji, na hapa ndipo penye jibu la swali ambalo hamkuniuliza. Kocha anayeweza kujiingiza mwenyewe uwanjani ana mtego mbele yake, nao ni kujipa dakika zote na kuwaachia wengine taulo. Jaworski alisifika kwa kufanya kinyume chake, yaani kuita mpaka wale wa mwisho wa benchi, kuwapa dakika ambazo timu nyingine zisingewapa, na kuwafanya waamini kwamba mechi ni yao pia. Mashabiki wa kawaida wa Manila waliipenda Ginebra kwa sababu hiyo, na bado wanaipenda. Kwa mtindo huo alichukua taji la kwanza la timu hiyo mwaka 1986, akisaidiwa na Wamarekani Billy Ray Bates na Michael Hackett, na mwaka 1988 akachukua jingine katika mashindano yasiyoruhusu wageni. Mwaka 1991, katika fainali dhidi ya Shell, waliachwa nyuma kwa michezo 3 kwa 1, wakasawazisha, na mchezo wa saba ukaamuliwa na Rudy Distrito kwa mtupo wa sekunde ya mwisho, 104 kwa 102. Kocha wao wa miaka 45 alikuwa bado amevaa jezi, lakini mtupo ulikuwa wa mwingine. Asisti zake zote katika PBA, yaani pasi zilizomfanya mwenzake afunge, zilifika 5,825, na ukizitazama vizuri hizo ni mara 5,825 ambazo jina lililotangazwa kwa kufunga halikuwa lake.

Pasi ya namna hiyo haitoki kwenye mikono tu. Nilipokuwa nikicheza nilikuwa na daftari la shule la kurasa 48 ambalo nililiweka chini ya viatu kwenye begi. Humo niliandika kila mwenzangu anapenda kupokea mpira wapi: huyu apewe kifuani akiwa ameshasimama, yule asipewe kamwe chini ya kiuno, yule mrefu arushiwe juu upande wa kushoto kwa sababu jicho la kulia halioni vizuri, ingawa mwenyewe hakubali. Wa benchi niliwaandikia kurasa nyingi kuliko watano wa kwanza, maana wao hatukucheza pamoja mara kwa mara na nilisahau upesi. Nunueni madaftari. Simu zinaishiwa chaji.

Kuna kisa chake kimoja ambacho mtakutana nacho mkimtafuta, na ningependa mkisome kwa tahadhari. Mwezi Oktoba 1985, katika mechi dhidi ya timu ya NLEX, alipigwa kiwiko mdomoni na Jeff Moore, akapelekwa hospitali, akashonwa nyuzi tisa, kisha akarudi uwanjani robo ya nne wakati Ginebra iko nyuma. Uwanja ulilipuka alipoonekana tu, wapinzani wakayumba, na Ginebra ikashinda. Mimi sitamruhusu yeyote kati yenu arudi uwanjani na mshono mbichi, na daktari wa timu akisema umetoka, umetoka. Ninachotaka mkione ni kwamba alipojitokeza mlangoni, kabla hajagusa mpira, wenzake walikwishabadilika, na kuaminiwa kwa kiasi hicho hakukuletwa na nyuzi bali na mazoezi ya miaka mingi waliyokuwa wamemwona akiyafanya.

La mwisho linahusu ugomvi, na nina sababu ya kuliacha hadi sasa. Toyota ilipovunjwa, Ramon Fernandez, mchezaji mrefu aliyekuwa mwenzake kwa miaka mingi na ambaye angekuja kuwa mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote katika PBA, alikubali kwenda kwa mmiliki mpya. Urafiki ukavunjika, na kwa takriban miaka mitano watu wale wawili walikutana uwanjani kama maadui. Mwaka 1989, katika mechi ya nyota iliyowakutanisha wakongwe na vijana, kocha Baby Dalupan aliwaweka timu moja. Zikiwa zimebaki sekunde chache na pointi zikiwa sawa, Jaworski alisimama nje ya mstari na mpira mkononi, akatafuta wa kumpa, akampa Fernandez. Fernandez akamzunguka mlinzi kijana, akafunga, 132 kwa 130. Dalupan akawaita katikati ya uwanja, wakapeana mikono mbele ya umati. Mwaka uliofuata Jaworski aliiongoza timu ya kwanza ya Ufilipino iliyoundwa na wachezaji wa kulipwa watupu kwenye Michezo ya Asia jijini Beijing, Fernandez akiwamo kikosini, wakarudi na medali ya fedha.

Jumamosi tutafanya zoezi la kuingiza mpira kutoka nje ya mstari, sekunde nne zikiwa zimebaki. Wale wawili mliorushiana maneno Jumanne kwenye chumba cha kubadilishia nguo mtaanza pamoja, mmoja atoe pasi na mwenzake afunge, kisha mbadilishane. Mfike saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla saruji haijashika moto.