Bosi anadai kadi ya chanjo ya homa ya ini: kabla hujagoma, soma hapa

Dada mleta mada, wanaokwambia "goma, chanjo ni hiari" wasikuponze. Kwa ambao hawakuona swali: dada yuko maabara kwenye zahanati binafsi hapa Mwanza. Bosi kaweka tangazo kwenye grupu la WhatsApp la kazini kwamba ifikapo mwisho wa mwezi kila mtu awe na kadi iliyokamilika ya chanjo ya homa ya ini aina ya B. Asiyekuwa nayo asikanyage kazini, na gharama zitakatwa kwenye mshahara. Anauliza kama sheria inamruhusu.

Mimi ni afisa utumishi. Nilianzia kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, sasa niko kwenye kituo cha afya. Mambo haya nimeyaona nikiwa upande wa mwajiri, kwa hiyo nitasema na yale ambayo waajiri hawapendi yasemwe.

Hilo neno la hiari watu wamelitoa kwenye Uviko. Julai 2021 Rais Samia alipozindua chanjo ile, serikali ilisema wazi ni hiari. Pale kiwandani meneja alitaka kufungia geti wasiochanja, tukamwambia huna pa kushikia. Badala yake wakaletwa wahudumu wa afya, wakakaa kantini saa za kubadilishana zamu, na kina mama wa meza za minofu wakawauliza walichotaka, kuanzia uzazi mpaka presha. Waliochanja wakachanja. Wengine wakaendelea na barakoa zao na kazi ikaenda.

Kwako ni tofauti, kwa sababu damu ndiyo kazi yako yenyewe. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza, na sindano yenye damu ya mgonjwa inakiambukiza kwa urahisi kuliko VVU. Watoto wetu walianza kupewa chanjo hii mwaka 2002, maana yake wengi wetu watu wazima hatukuipata utotoni. Kwa hiyo bosi kuitaka chanjo si ukorofi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inambebesha wajibu wa kukukinga na hatari za kazi, na wewe inakudai ushirikiano. Akikaa kimya ukaugua, hapo ndipo atakapoulizwa.

Sasa tangazo lenyewe ndilo bovu. Chanjo hii kwa ratiba ya kawaida ni dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Kadi iliyokamilika ifikapo mwisho wa mwezi inatoka wapi? Labda ya kununua, na najua mjini hapa huwezi kukosa wa kukuuzia. Usithubutu. Kadi ya kughushi ni kosa la kukufukuzisha kazi kihalali kabisa, tena utakuwa umembebea bosi mzigo wake.

Kuhusu pesa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, hairuhusu mshahara ukatwe hivihivi. Lazima iwepo sheria, mkataba wa pamoja (ule wa mwajiri na chama cha wafanyakazi) au amri ya mahakama inayoruhusu, au uwe umekubali kwa maandishi kulipa deni. Ujumbe wa WhatsApp hauingii hapo. Na kwa maoni yangu, chanjo ya kukukinga na damu ya wagonjwa wake iko fungu moja na glovu. Umewahi kukatwa hela ya glovu?

Akikufukuza je? Kesi ataipeleka kwenye kukaidi agizo halali. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zile zinazoongoza namna ya kumwachisha mtu kazi, zinataka iangaliwe kama agizo lilikuwa la busara, kama lilieleweka na wewe ukalijua, kama linatumika kwa wote sawasawa, na kama kufukuza ndiyo adhabu inayostahili. Hapo kwenye "kwa wote" waajiri wengi ndipo wanapokwama. Kituo kimoja nilichokifahamu mama wa usafi aliandikiwa barua ya onyo kwa kukosa kadi, wakati daktari wa zamu ya usiku hakuwa na hata dozi moja na hakuna aliyemgusa. Na yule mama ndiye aliyekuwa akibeba mifuko ya taka kwa mkono, sindano zimechanganywa na maganda ya ndizi kwa sababu sefti boksi, yale makasha ya kutupia sindano zilizotumika, zilikuwa zimeisha. Mwajiri wa namna hiyo akisimama kuzungumzia kinga, mpe tu nafasi aongee, atajimaliza mwenyewe.

Pia lazima uitwe kwenye kikao cha nidhamu, kwa taarifa isiyopungua saa 48, na uende na mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Ila kama hujatimiza miezi 6 kazini, kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haikufikii. Hapo shika adabu na uongee kwa upole.

Jambo la vipimo ndilo linalonikera kuliko yote. Kabla ya dozi ya kwanza watu wengi hupimwa kama tayari wana maambukizi, na hiyo ni sawa. Lakini nimeshuhudia majibu yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo, jina kamili na alama ya kujumlisha, pembeni ya ratiba ya zamu. Kijana mmoja aliacha kuja kazini bila hata kuaga. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Bosi anahitaji kujua kama unafaa kwa kazi yako, basi. Na kukutwa na maambukizi si sababu ya kufukuzwa, bali ya kwenda kliniki.

Ningekuwa wewe, kesho ningeanza dozi ya kwanza. Kisha ningemwandikia barua, siyo meseji: nimeanza chanjo tarehe fulani, ratiba inaisha mwezi fulani, naomba kituo kigharamie na mshahara wangu usikatwe. Nakala moja ibaki kwako ikiwa na sahihi ya aliyeipokea. Kama una sababu ya kiafya ya kutochanjwa, ambatisha barua ya daktari na uombe upangiwe mahali pasipo na damu kwa muda.

Kama tayari kakufungia geti na kukuambia kazi imeisha, piga picha tangazo lile kabla hajalifuta, uende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, hapahapa Mwanza ujaze fomu namba 1 ya kufungua mgogoro. Una siku 30 tangu kuachishwa. Ukizipitisha itabidi uanze kuomba kuongezewa muda na kueleza ulikuwa wapi, na "nilikuwa nasubiri bosi apoe" haikubaliki kirahisi.