Kalamu ya mpingo huharibikia kwenye tundu

Kalamu ya kwanza niliyoitoa zawadi ilipasuka siku ya tatu. Nilimtengenezea binti wa dada yangu alipomaliza chuo, mpingo mtupu, mweusi unaong'aa. Alinirudishia huku macho yamemlenga. "Mjomba, naapa sijaiangusha." Hakuwa na kosa. Ufa mwembamba kama unywele ulianzia kwenye pete ya katikati ukapanda hadi kwenye kibanio. Kosa nililifanya mimi, siku nilipotoboa.

Wanaoniuliza kuhusu kalamu za mbao wengi huanza na patasi: ninunue ipi, mashine ya kukereza izunguke kwa kasi gani. Mimi huwarudisha kwenye tundu linalotobolewa katikati ya mbao. Kalamu nyembamba ya kawaida ina vibomba viwili vya shaba vya milimita 7, vinavyoingizwa kwenye tundu hilo na kugandishwa kwa gundi. Ukimaliza kukereza, mbao iliyobaki kwenye ncha haifiki hata milimita moja. Ganda jembamba hivyo halifichi kosa lolote.

Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama, na unga wake una mafuta. Ukiisukuma biti ya kutobolea moja kwa moja, unga hukwama, joto hupanda, na nyufa huanza ndani bila wewe kuziona. Siku ile nilisikia harufu ya kuungua nikaendelea tu, nilikuwa na haraka ya mahafali. Sasa natoboa taratibu: naingia kidogo, naichomoa biti, naipangusa, narudi. Biti ikishika moto nikashindwa kuigusa, nakwenda kunywa chai. Mbao yenyewe naikata ndefu kuliko inavyotakiwa, kwa kuwa biti hupasua mbao pale inapotokea upande wa pili. Sehemu hiyo naikata baadaye.

Kabla ya hapo kuna kungoja. Vipande navinunua kwa wachongaji wa vinyago pale Mwenge, Dar es Salaam, masalia ambayo hayatoshi kinyago. Mzee mmoja aliniona nimeshika kipande kizuri, cheusi chenye mstari wa mbao ya nje ya rangi ya krimu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akakipima mkononi. "Hicho bado kibichi, mwanangu. Kikaushe kwanza." Basi navikata vipande vya sentimita 2 kwa 2, nachovya ncha kwenye nta ya mshumaa ili visikauke haraka kwenye ncha na kupasuka, na kila mwezi navipima kwenye mizani ya jikoni. Uzito ukiacha kushuka, tayari.

Gundi nayo ina masharti yake. Mafuta ya mpingo huikataa, kwa hiyo nafuta tundu kwa asetoni, ile ile ya kuondolea rangi ya kucha. Kibomba nakikwaruza kwa msasa, kisha naziba ncha zake kwa kuzichomeka kwenye kipande cha kiazi kibichi ili gundi isiingie ndani. Naacha usiku kucha.

Kukereza kwenyewe ni raha, na patasi yenye makali ndiyo kila kitu. Ukiona inatoa unga badala ya nyuzi nyembamba, inoe. Vaa barakoa na miwani, maana vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua. Msasa naanza na 220 hadi 600, na kabla ya kubadilisha namba nasimamisha mashine, napiga kwa kufuata urefu wa mbao, la sivyo mikwaruzo ya mviringo itaonekana juani. Mpingo hauhitaji vanishi. Nta kidogo na kitambaa vinatosha.

Pambo ninalolipenda zaidi nalifanyia mninga, maana kwenye mpingo halionekani. Chora mfereji mdogo kwa ncha ya patasi, kisha bana waya mwembamba ndani yake mbao ikizunguka, mpaka moshi utoke. Unabaki mstari mweusi safi. Waya ufungwe vijiti viwili vya kushikia. Usiuzungushe vidoleni kamwe, ukinaswa utakwenda na kidole.

Kuunganisha natumia jiliwa yenye vibao laini. Kile kifaa kinachotoa na kurudisha ncha kalamu ikizungushwa nakikandamiza kidogo kidogo, nikijaribu mrija wa wino kila mara, kwa sababu kikizama kupita kiasi ncha haitarudi tena ndani. Ya pili ya mpwa wangu niliijaribu mara nane hivi kabla sijampelekea.