Kabla ya Kuchagua Rangi ya Taili: Maswali Yenu Kuhusu Bafu

Maswali ya ukarabati wa bafu yamekuwa yakiingia kutoka Nakuru, Kisumu, Kakamega na Vihiga. Nimeyafupisha. Mengi yanauliza taili, rangi na vioo, nami karibu kila mara najikuta nikijibu kuhusu paipu, nyaya na plasta. Mnivumilie. Vitu hivyo vikishafukiwa, kuvifikia tena ni lazima uvunje.

Nimenunua taili na choo wakati hadiwea ilikuwa na ofa. Bafu letu ni mita 1.5 kwa 2.1, nyumba ya zamani. Fundi anaanza Jumatatu. Kuna nililosahau? – Mama wa watoto watatu, Lanet, Nakuru

Dada, mwombe fundi asubiri kidogo. Chukua tepu, upime kutoka ukutani hadi katikati ya tundu la paipu ya choo cha sasa. Kisha geuza kile choo kipya uone kinatolea wapi uchafu. Vingine hutolea chini, vingine nyuma. Ikiwa paipu yako imetokea sakafuni na choo ulichonunua kinatolea nyuma, kuna kazi ya kona na viungio ambayo hujaiwekea bajeti, au uvunje zege. Kumbuka pia kwamba taili na gundi yake huongeza unene wa sentimita moja hadi mbili kwenye ukuta. Choo kilichotosha kabla ya taili huweza kukataa baada yake.

Jambo la pili, chora bafu lote sakafuni kwa chaki: choo, sinki, sehemu ya shawa na jinsi mlango unavyofunguka. Mbele ya choo acha sentimita 60 au zaidi za magoti. Kaa juu ya ndoo iliyofunikwa mahali choo kitakapokuwa, umwambie mtu afungue mlango. Utajua mengi kuliko mchoro wa karatasi.

Kwa taili, kwa vipimo vyako, sakafu na kuta hadi kimo cha mita 2.1, ukiondoa mlango, ni kama mita 17 za mraba. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kukata na kuvunjika, zifike karibu 18.7. Hakikisha namba za bechi kwenye maboksi zinafanana, la sivyo ukuta mmoja utakuwa na rangi mbili za krimu. Na kama zote ulizonunua zinang'aa, zile za sakafuni zirudishe. Taili ya sakafu ya bafu iwe ya kukwaruza mguu.

Mpangilio wa kazi ni huu: kubomoa, maji safi na maji taka, nyaya za stima, plasta, kemikali ya kuzuia maji, taili, halafu choo na sinki. Fundi akikuambia nyaya zitapitishwa baadaye, mkatalie.

Ukuta wa chumba cha kulala unaopakana na bafu unatoka rangi na kunuka unyevu. Fundi anasema turudishie grauti ya kati ya taili tu. Ni kweli? – Mwenye nyumba, Mamboleo, Kisumu

Hapana, na ningeomba usimlipe kwa hilo mpaka mjue maji yanatoka wapi. Kuna vyanzo vitatu, na kila kimoja kina dawa yake.

Anza na paipu. Usiku, familia ikilala, funga mifereji yote, mhakikishe tangi la choo limejaa, kisha soma mita ya maji na uisome tena alfajiri kabla mtu hajagusa kitu. Ikiwa imesogea, kuna paipu inayovuja, na hakuna grauti duniani itakayoizuia. Kama maji ya nyumba hutoka kwenye tangi la juu, funga kwanza maji yanayoingia tangini, uweke alama ya kina usiku, uangalie asubuhi.

Mita ikitulia, jaribu sakafu. Ziba tundu la kutolea maji kwa mfuko wa plastiki wenye mchanga, weka kizuizi mlangoni, mwaga maji yafike kina cha sentimita mbili hivi, uweke alama kwa kalamu, uyaache saa 24. Yakipungua sana, au ule ukuta ukalowa zaidi, sakafu inapitisha. Yasipopungua, huenda ni ukuta wa shawa wenyewe.

Chanzo cha tatu ni ardhi. Ukiona rangi inabambuka kuanzia chini hadi kama nusu mita kwenda juu, na hali ni hiyo hiyo hata kwenye kuta zisizokaribiana na bafu, unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Mitaa ya chini ya Kisumu kama Nyalenda, ambako maji ya ardhini yako karibu, hali hiyo ni ya kawaida. Kwako Mamboleo ni ya kuangaliwa tu kabla ya kulaumu bafu.

Sasa kuhusu grauti. Ile ya simiti hupitisha maji polepole, na plasta iliyo nyuma ya taili huyanywa. Taili yenyewe ni pambo na kinga ya kukwaruzwa. Kinachozuia maji ni tabaka lililo chini yake, na hilo ndilo mafundi wengi huliruka kwa sababu mwenye nyumba haulizi. Ikiwa ni bafu linalopitisha, dawa ni kutoa taili za eneo la shawa, kupiga plasta upya, kisha kupaka kemikali ya kuzuia maji yenye asili ya simiti mara mbili: mkono wa kwanza ukikauka, wa pili upakwe kwa kukatisha ule wa kwanza. Ipande ukutani hadi mita 1.8 kwenye shawa, na angalau sentimita 15 kuzunguka sakafu yote. Kwenye kona na kuzunguka tundu la maji taka, bandika utepe wa wavu ndani ya kemikali, maana hapo ndipo nyufa huanzia. Kisha rudia lile jaribio la saa 24 kabla ya taili hata moja kubandikwa. Jaribio hilo silisamehi kwa fundi yeyote.

Na pale kuta mbili zinapokutana, au ukuta na sakafu, tumia silikoni badala ya grauti. Nyumba husogea kidogo, na grauti ngumu hupasuka.

Shawa yetu ya umeme hutupiga shoti nikigusa mfereji. Tumezoea kuoga na slipa za mpira. Kuna tiba? – Mpangaji, Kakamega

Ndugu, zima swichi ya shawa hiyo leo, na mtu yeyote asioge chini yake mpaka itengenezwe. Najua nyumba nyingi zimezoea hivyo, slipa miguuni na kijiti cha kufungulia mfereji. Mtoto husahau slipa, na mgeni hajui habari ya kijiti.

Shoti ile ina maana umeme unavuja na haukupewa njia ya kwenda ardhini. Mara nyingi waya wa athi, yaani ule wa kwenda ardhini, haukuunganishwa kabisa, au uliunganishwa kwenye waya ambao haufiki popote. Nyumba ya zamani yenye paipu za chuma ni mbaya zaidi, kwa kuwa umeme husafiri mpaka kwenye mfereji wa sinki.

Jambo jingine ni unene wa waya. Shawa ya wati 5,500 kwenye umeme wetu wa volti 240 huvuta karibu ampea 23. Waya wa soketi wa milimita 2.5 za mraba haukukusudiwa mzigo huo, nao hupata moto ukutani bila mtu kuona. Shawa ipewe waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la stima, wa milimita 6 za mraba, na breka yake ya ampea 32. Swichi ikate nyaya zote mbili, na iwe mahali ambapo maji hayafiki. Usikubali plagi na soketi. Pale waya unapoungana na shawa, kiungio kiwe cha kauri, maana cha plastiki huyeyuka. Juu ya hayo yote, weka ile swichi ya usalama ambayo mafundi huiita RCD, ya miliampea 30. Huhisi mkondo unaovuja na kukata stima kabla moyo haujadhurika.

Ikiwa maji yenu ni ya kisima kirefu na yana chumvichumvi, ulizeni shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Katika shawa nyingi za kawaida, waya wa joto huwa uchi ndani ya maji, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi.

Kazi hii ni ya fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati nchini Kenya. Mwombe akuonyeshe. Kwa kuwa wewe ni mpangaji, mwandikie mwenye nyumba ujumbe, usiishie kumpigia simu, ili kuwe na kumbukumbu. Na kwa kuwa uko Kakamega, ambako radi ni jirani wa kila msimu: mvua ya ngurumo ikianza, kuoga kungoje, hata shawa ikiwa nzima.

Shawa inatiririka kidogo sana na maji yenyewe huja siku chache kwa wiki. Nibadilishe kichwa cha shawa? – Section 58, Nakuru

Angalia kimo cha tangi kwanza. Kila mita 10 za kimo hukupa shinikizo la baa moja, kwa hiyo tangi lililo mita mbili tu juu ya shawa linakupa 0.2. Ama uinue tangi, ama uweke pampu ndogo. Kuhusu maji ya siku chache, ukinunua choo kipya, chukua cha vibonyezo viwili, lita 3 na lita 6. Vile vya zamani vilimwaga lita 9 au zaidi. Familia ya watu watano, kila mmoja akivuta mara tano kwa siku, itaokoa lita 75 hata kama kila mtu atabonyeza kile kikubwa. Siku za ukame wa mfereji, hizo ni ndoo kadhaa za kuogea. Tangi la maji ya mvua pia laweza kulisha choo peke yake.

Nataka kumjengea mama bafu na choo ndani ya nyumba huko Vihiga. Ana miaka 78, magoti yanamsumbua, na choo cha shimo kiko mbali. Nianzie wapi? – Mwana wa mbali

Mungu akubariki kwa wazo hilo. Tafadhali mhusishe mama mwenyewe, kwa sababu ndiye atakayeamka saa nane usiku.

Mlango ufunguke kwa nje. Hili ni kubwa kuliko taili zote. Mzee akianguka ndani, mwili wake huweza kuziba mlango unaofunguka kwa ndani, na anayekuja kumsaidia akashindwa kuingia. Kitasa kiwe cha kufunguka pia kutoka nje.

Usiweke kizingiti wala ukuta mdogo wa shawa wa kuruka. Sakafu iwe sawa, na mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Choo kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48 mpaka kwenye kikalio, maana vile vifupi huwasumbua wenye magoti. Vyuma vya kushikilia viwekwe kando ya choo na kwenye shawa. Viamuliwe kabla ya plasta, ili mahali pake pajazwe zege, kwa sababu chuma kilichofungwa kwenye tofali lenye tundu hung'oka siku hasa anapokiegemea. Mwache mama akae kwenye kiti, anyooshe mkono, nawe uweke alama ukutani mahali mkono wake unapofika. Swichi ya taa iwe karibu na mlango, na stuli ya plastiki imara ikae ndani ya shawa.

Kisha maji taka. Vihiga ni ya vilima na chemchemi, na watu wengi huchota humo. Septiki na shimo lake la kunyonya maji viwe upande wa chini wa mteremko, angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi, ya kwenu na ya jirani vilevile. Zungumza na afisa wa afya ya umma wa eneo lenu kabla ya kuchimba.

Na choo cha shimo kisibomolewe mara moja. Wazee wengine huhitaji muda kabla ya kuzoea choo kilicho karibu na jiko.

Bafu la wageni linanuka mtaro ingawa linaoshwa. – Milimani, Kisumu

Ni kwa sababu halitumiki. Chini ya tundu kuna kona inayoshika maji ili harufu isipande. Kwa joto la Kisumu maji hayo hukauka. Mwaga ndoo nusu kila wiki. Harufu ikiendelea, huenda hiyo kona haikuwekwa kabisa, na hapo fundi lazima afungue sakafu.

Fundi anataka nusu ya pesa za kazi kabla ya kuanza. Nimpe? – Kondele, Kisumu

Vifaa nunua wewe mwenyewe, ukiwa naye hadiwea. Pesa za kazi zigawe kufuata hatua: kidogo akianza, fungu la pili paipu zikishapimwa kwa maji zikiwa bado wazi, la tatu baada ya jaribio la saa 24, la nne taili zikiisha. Andikeni, hata kwenye daftari la shule, mtie sahihi wote wawili. Mafundi wazuri huyapenda makubaliano haya kwa sababu nao hulindwa na mteja anayebadilisha mawazo kila asubuhi.

Kabla ya plasta, piga picha kila ukuta ukiwa na tepu imenyooshwa juu yake, ili siku ya kutoboa kwa ajili ya kioo ujue paipu imepita wapi. Na bakiza fungu dogo la mwisho mpaka familia ioge humo wiki nzima na kona zote ziwe zimekauka.