Kabla ya kuokota mti, utazame mmea unavyoshika

Misimu kadhaa iliyopita niliokota bomba la plastiki, nene kama mkono wa mtu mzima na refu kunishinda. Nikalisimika katikati ya tuta la njegere liwe egemeo la kupandia, nikijua kazi imeisha. Njegere zikalifikia, zikaligusa, zikateleza. Wiki mbili baadaye zilikuwa zimelala chini zimeng'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe, na konokono wakazimaliza. Bomba lenyewe halikuwa na kasoro. Njegere hujishikiza kwa vijikono vinavyochomoza kwenye ncha ya jani, na kijikono hicho kinaweza kuzunguka kitu chembamba tu, mathalani waya, uzi au kijiti kisichozidi unene wa penseli. Mbele ya bomba lile kilikuwa kama mtoto anayetaka kuukumbatia mbuyu.

Tangu hapo siokoti kitu mpaka nijue mmea wangu unapanda kwa njia gani. Matango, pasheni na mung'unye, kama njegere, hutumia vijikono. Maharage ya kutambaa na viazi vikuu havina vijikono. Shina lenyewe hujisokota kwenye mti, kwa hiyo fito nene kama kidole gumba, hata mpini wa jembe kuukuu, inafaa kabisa. Halafu maharage yana upande wake: ukiyatazama kutoka juu, yanazunguka kinyume cha mwendo wa saa. Ukiyasokota upande mwingine kwa nia ya kuyasaidia, kesho utayakuta yamejifungua. Nyanya haishiki chochote, hiyo unaifunga wewe.

Kwa hiyo egemeo lina kazi mbili, kubeba na kushikwa, na ni nadra kuokota kitu kimoja kinachofanya zote mbili vizuri. Kinene kinabeba, chembamba kinashikwa. Mimi hutafuta vya kubeba kwanza kwa sababu ndivyo vigumu kupatikana: vipande vya nondo, fremu ya kitanda cha chuma, ngazi iliyovunjika vipandio, miguu ya meza, matawi manyoofu yaliyokatwa mtu alipopunguza miti. Vya kushikwa havikosekani: kamba ya katani, waya laini, vijiti vyenye matawi madogo madogo ambavyo watu huvichoma moto bila kujua kwamba njegere hazipendi kitu kuliko hicho.

Kitu kilichonifaa kuliko vyote ni rimu ya baiskeli. Niliziona zimerundikwa nyuma ya karakana, nikamuuliza fundi kama anazihitaji. "Chukua mama, zimepinda hizo, hazina kazi," akaniambia, akanipa na tyubu zilizotoboka. Rimu iliyopinda haifai barabarani, ila bustanini inatosha. Ninaing'oa spoki zote, naifunga juu ya nguzo moja kwa waya uliokatiza katikati yake kama msalaba, halafu napitisha kamba za katani kwenye yale matundu ya spoki hadi chini, kila kamba na kigingi chake. Rimu huwa na matundu 36 au 32. Natumia moja na kuruka mawili, ili shina zisibanane na upepo upite. Maharage yakipanda yote, unapata hema la kijani, na kuchuma unachuma ukilizunguka.

Tyubu nazo usizitupe. Zikate vipande vya upana wa kidole, ndiyo kamba nzuri ya kufungia nyanya, maana mpira unanyumbuka shina linaponenepa. Funga kwa umbo la nane, yaani mpira ukatize kati ya shina na mti, ili visisuguane. Fulana iliyochakaa inafanya kazi hiyo hiyo. Uzi wa nailoni sifungii kitu: upepo ukivuma unakata shina kama kisu.

Wavu wa chuma unaowekwa ndani ya zege, ule wenye macho ya kama sentimita 15, ukipata kipande kilichobaki kwenye ujenzi kichukue kwa mikono miwili. Unabeba na unashikwa, na mkono unapita kwenye jicho lake bila kukwaruzwa. Wavu wa kuku ni kinyume chake. Tango changa likiingia kwenye tundu linanenepa humo humo, halitoki zima, na mwisho wa msimu utatumia saa nzima kuchambua mashina makavu. Wavu wa samaki sitautumia tena, kwani niliwahi kumkuta mjusi amenaswa humo, amekwisha kufa.

Kuhusu mbao nawaomba sana muwe waangalifu. Paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupakilia mizigo, zinazosafirishwa kati ya nchi na nchi hupigwa muhuri: herufi HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, hiyo chukua. MB maana yake ilifukiziwa methili bromidi, ambayo ni sumu, iache. Hata yenye HT, ikiwa ina madoa ya mafuta au harufu ya dawa, iache, kwa sababu muhuri hausemi kitu gani kilimwagikia juu yake. Mbao za zamani zilizopakwa rangi zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani ya rangi hiyo, na inapobanduka inaanguka kwenye udongo ambao wewe unakula mazao yake. Nguzo na mataruma ya reli yanayonuka lami, pamoja na mbao za zamani zenye ukijani wa dawa ya mchwa, hazikai karibu na mboga zangu. Vipande vya bati la asbesto usivivunje wala usivibebe.

Matawi mabichi yana tabia ya kuota. Nilisimika nguzo nne za mti mbichi kwa ajili ya pasheni, na mwezi uliofuata zilikuwa na majani na zinagombea maji na mmea wenyewe. Sasa naziacha zikauke kwanza.

Kuomba ni lazima, hata kama kitu kiko kwenye lundo la taka. Kwenye ujenzi huwa namtafuta msimamizi, namweleza ninataka vipande vifupi vya nini, na ninaonyesha kwamba nimekuja na glavu na plaizi yangu. Siku moja niliambiwa rundo nililolitaka lilikuwa limeshauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ningebeba bila kuuliza, ningekuwa mwizi. Glavu si mapambo: kutu haina madhara kwa mmea, lakini msumari ukikuchoma, mwombe mhudumu wa afya akuangalie kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu.

Simika kila kitu kabla ya kupanda mbegu, kwa sababu nguzo inayochomekwa baadaye inakata mizizi. Na izame vya kutosha. Nguzo ya mita mbili juu ya ardhi naizamisha nusu mita au zaidi, na kwenye udongo laini naongeza mhimili wa kuegemea upande upepo unakoelekea. Kichanja kilichojaa majani yaliyolowa mvua hupokea upepo kama tanga. Changu cha kwanza cha pasheni kiliangushwa usiku mmoja kikiwa na matunda mabichi, kwa sababu tu nguzo zilizama kiasi cha shubiri.

Msimu ukiisha, hema la maharage nalibomoa kwa dakika chache. Nakata kamba za katani juu na chini, naziviringa pamoja na mashina makavu, vyote vinaingia kwenye mboji. Rimu naifuta udongo na kuitundika ukutani, na nguzo nazilaza mahali pakavu, mbali na mchwa.