Niliambiwa sitaumia, nikaumia mpaka nikalia

SWALI: Dokta shikamoo. Juzi nilienda kupasuliwa jipu la kwapani, daktari akasema ni dakika mbili tu, utasikia kama umeng'atwa na sisimizi. Akachoma ganzi na hapohapo akakata, yaani nilisikia kila kitu, mpaka kidole chake kinazunguka ndani. Nikapiga kelele, nesi akaniambia mtu mzima unalia nini, wenzako wanazaa. Hivi mimi ni muoga? Na wameweka gozi, kile kitambaa cha kidonda, ndani, kesho kutwa natakiwa nirudi waitoe, naogopa hata kwenda.

JIBU: Marahaba, pole sana mdogo wangu. Hapana, wewe sio muoga, uliumia kweli.

Jipu ni mahali pagumu sana kwa ganzi, kila daktari anajua hilo. Penye usaha panakuwa na asidi zaidi ya kawaida, kwa hiyo dawa inashindwa kupenya vizuri kwenye mishipa ya fahamu, ndio maana inatakiwa ichomwe kuzunguka jipu kwenye nyama nzima, taratibu, kwa sindano nyembamba, maana hata ganzi yenyewe inaunguza ikisukumwa haraka. Halafu isubiriwe! Dakika mbili mpaka tano hivi, jipu likiwa la kidoleni inaweza kufika hata kumi, kisha daktari anafinya kwanza kuona kama unasikia ndio anakata. Kile kidole ndani kilikuwa kinavunja vyumba vya usaha ili jipu lisirudi, ni kazi ya lazima na ndio sehemu inayouma kuliko zote, ulistahili kuambiwa mapema.

Sisi madaktari tunasema "haiumi" tukidhani mgonjwa atatulia, na foleni nje ni ndefu, na ukishapasua majipu mia unasahau kwamba kwa huyu ni mara ya kwanza. Mimi pia nimeyasema hayo maneno na najuta, kwa sababu mtu uliyemwambia hatasikia kitu akisikia maumivu anadhani kuna kitu kimeharibika, anakakamaa, anaumia zaidi. Wanawake wanaowekewa kitanzi wamelalamikia jambo hilihili miaka na miaka, mpaka mwaka 2024 CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikaandika kwenye mwongozo wake kwamba waelezwe maumivu kabla na wapangiwe namna ya kuyapunguza.

Kesho kutwa nenda, usiache, gozi ikikaa muda mrefu ni hatari. Kama paracetamol haikudhuru, meza kama saa moja kabla. Waombe wailoweshe gozi kwa maji ya chumvi ya hospitali kwanza ili isivute nyama. Na kabla hajagusa mwambie, "mara ya kwanza ganzi haikushika, nikinyoosha mkono naomba usimame." Akikukatalia hilo, omba akuhudumie mwingine.