Ufa Niliouchora Nzega Haukuwepo

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma jiofizikia ameniandikia: "Kaka, nitumie programu gani kutafuta nyufa za miamba zilizofichika kwa vipimo vya mvutano wa dunia?" Ujumbe huo umeninyima usingizi. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, na likaniponza.

Ilikuwa Nzega, miaka minne iliyopita. Miamba ya kule ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ila kwa sehemu kubwa huioni, imelala chini ya udongo mweusi wa mbuga. Tulipima mvutano kituo kwa kituo, tukitafuta mahali ambapo mwamba wa kijani, ulio mzito, umekatika na kukutana na graniti, iliyo nyepesi. Pakiwa na ufa wa namna hiyo, vipimo huporomoka ghafla. Nikauona! Nikauchora kwa wino mwekundu. Wakachoronga mita 180, ikatoka graniti nzima, haina hata mkwaruzo. Kikaoni mkuu wangu akasema, madereva wakisikia, kwamba nimechora ndoto. Mpaka leo linaniuma.

Kosa lilikuwa mwinuko, yaani kimo cha kila kituo. Niliuchukua kwenye jipiesi ya mkononi. Ukikosea mwinuko kwa mita 1, hata baada ya kusahihisha uzito wa mwamba, hesabu inapotoka kwa takriban miligali 0.2 (miligali ni kipimo cha mvutano). Mita 5 ni miligali 1 nzima, na alama ya ufa niliokuwa nikiuwinda haikuzidi hapo.

Mwezi uliopita, upande wa Geita, nilipima mwinuko kwa vifaa vya wapima ardhi, hadi sentimita. Kila baada ya saa mbili nilirudi kupima tena kituo cha msingi, kile kimoja cha kulinganishia vingine, maana usomaji wa gravimita, kifaa cha kupima mvutano, huhama wenyewe kadiri saa zinavyokwenda, na mwezi na jua navyo huvuta. Wenzangu walinung'unika, nikawaacha. Wachorongaji walipofika mita 96, ukatoka mwamba uliosagika kama unga wa muhogo, umepitiwa na mishipa ya mawe meupe. Nililia pale pale, wala sioni aibu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, programu yoyote itakuchorea. Pima mwinuko. Rudi kituo cha msingi hata jua likiwaka, hata gari likiwa mbali. Ukiona ufa kwenye mstari mmoja wa vituo, usiuamini; ukate kwa mistari mitatu. Na mwinuko, narudia, mwinuko! Daftari lako la vituo nitumie kabla hujafungua kompyuta, tulipitie pamoja.